Kabla Hujamnywesha Kuku Dawa

Wewe uliye Magunga sokoni, wewe unayeanika omena kule Nyandiwa, wewe uliye juu ya vilima vya Gwassi, nawe uliye Sindo au upande wa Migori kule Sori, sogeza kiti karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya kuku mgonjwa na dawa unayotaka kumpa.

Huenda ukauliza, kipindi cha afya ya binadamu na kuku wapi na wapi? Swali zuri. Kuku wa nyumbani hulala jikoni kwa wengi wetu. Mayai yake huliwa na mtoto aliyeachishwa ziwa. Mgeni akija ndiye huchinjwa, na kalamu na daftari zikikosekana ndiye huuzwa. Kwa hiyo dawa inayoingia mdomoni mwa kuku huyo haiishii kwake. Inaingia kwenye yai na kwenye nyama, na kutoka hapo inaingia kwako. Na mara nyingine, kama utakavyosikia baadaye, dawa hiyo imetolewa kwenye mkebe wa mgonjwa wa nyumba hiyohiyo.

Tuanze na jambo linalotokea kila siku. Asubuhi unafungua mlango, kuku wanatoka mbio, lakini mmoja amebaki pembeni. Amejikunyata, manyoya yamesimama, macho yanafumba. Ukimrushia mahindi hageuki. Wengi wetu tukiona hivyo huuliza mara moja: "Nimpe dawa gani?" Naomba tubadilishe swali hilo. Swali la kwanza ni: "Anaumwa nini?" Hata anayeuza dawa hawezi kukusaidia kama hujui kumweleza.

Basi mshike umtazame. Fanya hivyo jioni au alfajiri wakati ametulia, maana kumfukuza kuku mgonjwa uani kunammaliza nguvu alizobakiza. Tazama kinyesi chake: ni cheupe, cha kijani, au kina damu? Tazama macho na pua kama zina kamasi. Sikiliza pumzi. Fungua manyoya chini ya mbawa na karibu na sehemu ya haja, uangalie chawa na utitiri. Papasa kifua: kama mfupa wa kifua umechongoka kama kisu, amekonda kwa muda mrefu, wala hakuugua jana. Papasa kile kifuko cha chakula chini ya shingo kama kimejaa na kuwa kigumu asubuhi kabla hajala. Kisha hesabu: ni yeye peke yake, au kuna wengine? Ameugua tangu lini? Umeleta kuku mgeni nyumbani wiki mbili zilizopita? Amewahi kuchanjwa?

Utashangaa ni mara ngapi majibu ya maswali hayo yanaonyesha kwamba hakuna dawa ya kumeza inayohitajika. Kuku anayeatamia hujikunyata na kukataa kula, naye si mgonjwa. Kuku aliyejaa chawa hudhoofika na upanga wake wa kichwani hupauka, na dawa yake ni ya kupakwa mwilini na kusafishiwa banda. Kuna na yule ambaye yai limemkwama. Huyo anataka joto na utulivu. Mtu anayempa kila mmoja wa hawa kidonge anatupa pesa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaotumalizia kuku kuliko mwingine wowote, nao ni kideri, ambao wengi huuita Newcastle. Jina hilo ni la mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, ambacho leo kimo Indonesia. Hapa Kenya uliripotiwa kwanza mwaka 1935, karibu na Mombasa. Tangu hapo umezunguka nchi nzima kwa miguu ya watu, matenga ya kuku, na leo kwa pikipiki.

Dalili zake unazijua hata kama jina hulijui. Kuku anahema mdomo wazi, anahara kijani kibichi, mbawa zinaning'inia. Wengine shingo inajipinda hadi kichwa kinatazama nyuma, au miguu inapooza. Leo wamekufa wawili, kesho watano, na kwa kundi lisilochanjwa wanaweza kufa karibu wote katika muda wa wiki moja.

Msikilizaji, sikia vizuri hapa. Kideri kinaletwa na virusi, na hakina dawa. Hakuna kidonge, sindano, unga wala maji ya rangi yatakayoua virusi hivyo ndani ya kuku. Antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kama vile oksitetrasaiklini, haziwezi kitu mbele yake. Ogaka, ile shubiri yetu tunayoikamua ndani ya maji ya kunywa, nayo haiwezi. Pilipili na majivu pia. Sisemi haya kumdharau dani aliyetufundisha. Dani alitumia alichokuwa nacho, na kuku mmoja mwenye bahati alipopona, sifa zikaenda kwa ogaka. Wale ishirini waliokufa hakuna aliyewahesabu.

Mbona basi mtu akienda dukani anauziwa pakiti? Kwa sababu ameomba. Amefika amechoka, ametembea kilomita nyingi, anasema, "Kuku wanakufa, nipe dawa." Muuzaji akimwambia hakuna dawa, ataondoka aende duka la pili. Kwa hiyo muuzaji anampa kitu. Wapo wauzaji waungwana wanaosema ukweli, nao nawashukuru, lakini usimtwike muuzaji mzigo wote. Nenda dukani ukiwa na maelezo, na uwe tayari kusikia neno "hakuna".

Kinachofanya kazi kwa kideri ni chanjo, na chanjo hupewa kuku mzima kabla ugonjwa haujaingia. Hapa Kenya chanjo hiyo hutengenezwa na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI. Ipo ya kutia tone moja jichoni na ipo ya kunywesha katika maji. Ile ya jichoni mimi naipendelea kwa kuku wachache wa nyumbani, maana una hakika kila mmoja amepata. Unamshika kuku, unamlaza kichwa ubavu, unadondosha tone moja katika jicho moja, unasubiri apepese, unamwachilia. Unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kinga yake huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo ukichanja siku ambayo jirani ameshaanza kuzika kuku, umechelewa.

Najua kikwazo chako. Wewe una kuku kumi na wawili, na chupa moja ya chanjo ni ya kuku 100 au zaidi. Tena chanjo nyingi hutaka baridi tangu dukani hadi nyumbani, na ikishachanganywa hutumika kwa saa chache tu, inayobaki hutupwa. Mtu mmoja haiwezi. Lakini boma kumi zinaiweza vizuri. Kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kinachokutana kila wiki kina kila kitu kinachohitajika: watu, pesa kidogo, na siku inayojulikana. Changeni, mtume mmoja dukani na chupa ya chai yenye barafu (wachuuzi wa samaki wanajua barafu inapatikana wapi), na siku hiyo kuku wafungiwe hadi wachanjwe wote. Afisa wa mifugo wa wadi yenu anaweza kuja kuwaonyesha mara ya kwanza, na baada ya hapo mtaweza wenyewe. Huko Tanzania na Msumbiji vijiji vingi vimefanya hivi kwa miaka mingi kwa chanjo ya aina ya I-2, ambayo inavumilia joto kuliko nyingine, na kuku wao wamebaki hai.

Je, yapo magonjwa ya kuku yenye dawa? Yapo. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wakihara damu na kusinzia, mara nyingi ni koksidiosisi, nayo ina dawa zake, kama ile iitwayo amproliamu, inayotiwa katika maji. Minyoo ina dawa yake. Mafua ya kuku yenye kamasi yenye harufu mbaya na uso kuvimba huletwa na bakteria, na antibiotiki husaidia. Ndui ya kuku, ile yenye vidonda kichwani, ni ya virusi kama kideri. Hutibiwi ndui, bali unasafisha vidonda ili visioze na unachanja waliobaki. Angalia jambo moja: kuku anayehema anaweza kuwa na mafua au kideri, na kwa macho tu hata mjuzi hubabaika. Ndiyo sababu kuku akifa, ni heri kumwita afisa wa mifugo amfungue kuliko kubahatisha kwa pakiti tatu tofauti. Ukimfungua mwenyewe, funga mkono kwa mfuko wa nailoni na usifanyie jikoni.

Sasa tufike mahali ambapo sisi watu wa afya panatuumiza zaidi.

Katika nyumba nyingi kuna kikebe chenye vidonge vilivyobaki. Viwili vya malaria, vitatu vya rangi mbili, nusu karatasi ya Septrin, panadol. Kuku akiugua, mtu anafungua kidonge cha rangi mbili, anamwaga unga katika maji ya kuku, na anangoja. Hebu tufanye hesabu ndogo. Kidonge hicho kilipimwa kwa mtu mzima wa kilo 60. Kuku wako wa kienyeji ana kilo moja na nusu. Mtu huyo ni sawa na kuku 40. Hata ukigawanya kidonge hicho vipande 40, bado hujapata jibu, maana mwili wa kuku hautumii dawa kwa kasi sawa na mwili wa mtu, na dawa nyingine zinazomponya mtu humdhuru ndege. Ukiimwaga ndani ya sufuria ya maji bila kipimo, mmoja atakunywa nyingi mno, mwingine atalamba kidogo tu.

Hicho kidogo ndicho cha kuogopa zaidi. Bakteria wakipewa dawa isiyotosha, walio dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana. Aleksander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, na sisi bado tunalifanya. Bakteria sugu waliozaliwa katika tumbo la kuku hutoka na kinyesi, huingia uani anapotambaa mtoto, na huingia katika maji. Siku mtoto huyo anaharisha damu, daktari anampa dawa ileile nayo haifanyi kazi. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake, watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na Afrika yetu iliumia kuliko mabara mengine kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Kuna jambo jingine, na nitalisema wazi. Kaunti ya Homa Bay ilikuwa ya kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018: asilimia 19.6, yaani karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Kwa hiyo nyumba nyingi zina ARV, na nyingi zina Septrin ambayo mgonjwa aliambiwa aitumie kujikinga. Dawa hizi hutolewa bure, zipo nyumbani, na kuku anakufa mbele ya macho yako. Naelewa kishawishi hicho. Jirani zetu Uganda yaliwafika: mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa iliieleza kamati ya bunge kwamba ARV zilikuwa zikilishwa nguruwe na kuku, wengine wakiamini zinatibu kideri, wengine wakitaka wanyama wanenepe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuta mabaki ya dawa hizo katika nyama ya kuku na ya nguruwe iliyouzwa Kampala na Lira.

ARV hazitibu kideri. Zilitengenezwa kwa kirusi kingine kabisa chenye njia zake za kuzaana. Kuku unayempa hatapona kwa sababu yake, na kidonge kile kilikuwa cha mtu. Akikosa vidonge vyake siku tatu, nne, virusi vyake vinaamka na vinaweza kujifunza kuishinda dawa. Na yule anayekula nyama yenye mabaki anapewa dawa asiyojua kwa kipimo asichojua. Kama vidonge vimebaki kwa sababu mgonjwa alibadilishiwa dawa au amefariki, virudishe kituo cha afya. Hakuna atakayekugombeza kwa kurudisha dawa.

Haya, tuseme umemwona afisa wa mifugo, ugonjwa umejulikana, na umeandikiwa dawa ya kuku. Sasa unampaje?

Kwanza mtenge. Tenga la kuku, boksi kubwa la katoni, hata pembe ya ghala, mradi pawe pakavu, pasiwe na upepo, na wengine wasimdonoe. Mhudumie yeye mwisho, baada ya walio wazima, na unawe mikono kwa sabuni.

Pili, soma lebo. Kama hujui kusoma Kiingereza, mpe mtoto wa shule akusomee kabla hujalipa. Tafuta mambo matatu: kiasi gani kwa lita au kwa kilo ya uzito, siku ngapi, na baada ya siku ngapi mayai na nyama vinaweza kuliwa. Unga uliofungwa katika karatasi ya gazeti bila lebo usinunue, hata kama ni shilingi kumi. Tazama pia tarehe ya kuisha.

Kipimo ndipo wengi wetu hupotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Pakiti nyingi zimetengenezwa kwa mfugaji wa kuku mia tano. Kuku mmoja mkubwa hunywa kama robo lita ya maji kwa siku, kukiwa na joto zaidi kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, lebo imesema gramu 5 kwa lita 10. Wewe unataka lita moja, kwa hiyo unahitaji nusu gramu, nawe huna mizani ya kupima nusu gramu. Fanya hivi: mwombe mwenye duka akupimie gramu 5 kwa mizani yake. Nyumbani, zichanganye katika lita moja kamili ya maji safi, ukoroge hadi unga uishe. Kisha chukua sindano ya mililita 10, isiyo na ncha, uvute mara kumi kutoka mchanganyiko huo. Hiyo ni mililita 100. Zitie katika chombo kingine, ongeza maji hadi ifike lita moja. Sasa una lita moja yenye nusu gramu, sawasawa na lebo. Usitumie kijiko cha chai kwa kukadiria, maana kijiko cha unga mwepesi na kijiko cha unga mzito havina uzito mmoja. Dawa iliyochanganywa leo ni ya leo. Kesho changanya mpya, na iliyobaki imwage chooni, mbali na kisima.

Maji yenye dawa yawe ndiyo maji pekee anayoweza kunywa. Ukimwachia kuku azunguke, atakunywa maji ya matope chini ya mtungi na kuiacha dawa yako, maana nyingine ni chungu. Na kama ni oksitetrasaiklini usiichanganye na maziwa. Chokaa iliyomo katika maziwa huishika dawa na kuizuia isiingie mwilini.

Lakini kuku mgonjwa sana hanywi. Huyo unamnywesha kwa mkono, nawe uwe na mwenzako. Mfunge mbawa kwa leso, mshike akiwa wima, kamwe usimlaze chali. Ukimfungua mdomo utaona nyuma ya ulimi tundu dogo linalofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya hewa. Watu wengi humuua kuku hapo: wanafungua mdomo, wanamimina kijiko kizima, dawa inaingia mapafuni, kuku anakufa usiku, na watu wanasema ugonjwa ulikuwa mkali. Usimimine. Weka tone moja pembeni mwa mdomo, penye mshono wa midomo miwili, atalimeza mwenyewe. Subiri. Tone jingine. Ukisikia sauti ya mapovu kooni, acha mara moja na uinamishe kichwa chake chini. Kama ni kidonge, kipitishe nyuma ya lile tundu upande wa kulia wa koo, mfumbe mdomo, umpapase shingo kutoka juu kwenda chini hadi ameze.

Mpe na chakula laini, uji mzito au ugali uliovunjwa na unga wa omena kidogo, na usiku awe na joto. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomwokoa, dawa ni msaidizi.

Ukishaanza, maliza siku zote ulizoambiwa. Siku ya pili kuku ameanza kuparuaparua, moyo unakuambia uache ili dawa ibaki ya mwingine. Usiache.

Basi amepona, naye ametaga. Yai hilo ni la nani? Si la mtoto, si la sokoni, wala si la kuatamia ili uuze baadaye kwa ujanja. Hesabu siku zilizoandikwa kwenye lebo kuanzia siku ya mwisho ya dawa, si siku ya kwanza. Kama imesema siku 7, na ulimaliza Jumatatu, basi hadi Jumatatu inayofuata mayai yote yavunjwe na kufukiwa. Chora mistari ukutani kwa mkaa, kila siku ufute mmoja. Dawa nyingine lebo yake inasema zisipewe kabisa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Hizo mwambie muuzaji akubadilishie. Usijidanganye kwamba kuchemsha kunaondoa dawa yote. Moto unapunguza baadhi, nyingine zinabaki, na mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini anaweza kuwashwa na kuvimba kwa kula chakula chenye mabaki yake.

Na nyama ni vivyo hivyo. Hapa kuna desturi yetu ngumu kidogo: kuku akionekana hatapona, anachinjwa upesi "kabla hajafa", analiwa jioni. Au anapelekwa sokoni Magunga akiwa bado anasimama, mtu wa Sori anamnunua, na kideri kinapata nauli ya bure. Najua kuku ni pesa, tena pesa ya karibu. Lakini yule aliyemeza dawa jana ana dawa mwilini leo, na yule unayemuuza mgonjwa ataua kuku wa mtu anayekuamini. Aliyekufa mfukie shimo refu, futi tatu au zaidi, ambapo mbwa hatafukua, au mchome. Usimtupe ziwani, usimtupe mtoni.

Jambo la mwisho linahusu ziwa. Januari mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda, na ndege pori wengi walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Kenya ilifunga mlango kwa kuku wa kutoka huko wakati ule. Ndege wa majini hawana pasipoti, na ziwa ni lile lile. Kwa hiyo ukiona kuku wengi wamekufa ghafla kwa siku moja au mbili, au bata na ndege wa ziwani wamekufa ufuoni, usitafute dawa yoyote. Usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwanyonyoe, usiwape mbwa, waweke watoto mbali. Mwite chifu au afisa wa mifugo siku hiyohiyo. Na kama wewe uliyewahudumia kuku hao unapata homa na kifua, nenda hospitali na umwambie daktari kuhusu kuku, hata asipouliza. Kideri chenyewe humpata mtu kidogo tu, macho kuwa mekundu na kuwasha kwa siku chache, lakini wewe hutajua kwa kutazama ni kipi kati ya hivyo viwili.

Unapompigia afisa simu, uwe na haya tayari usije ukamaliza salio ukikumbuka: una kuku wangapi, wameugua wangapi, wamekufa wangapi, kinyesi kina rangi gani, walichanjwa lini, na umeshawapa nini. Hilo la mwisho mwambie ukweli, hata kama ulichowapa kilikuwa Septrin ya baba.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kuumwa na mbwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwaheri.